Kidonda Kisichotoa Usaha

Kambi ya wafanyakazi, Olkaria
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Dada Nerima,

Salamu kutoka huku kwenye mabomba ya mvuke wa ardhini. Nilifika salama Jumatatu ya Pasaka jioni, na ile nyama uliyonifungia niliimaliza kabla sijavua viatu. Barua hii nampa Kosgei, dereva wa gari letu, aishushe kwa Trizah pale anapouza mboga karibu na geti lako. Vijana hapa bado wananicheka, ati mzee ana simu na bado anaandika barua. Nimewaambia masikio ya dada yangu yalikufa mwaka wa tisini na nane kwa sindano za TB, kabla mimi sijashika simu, na mazoea tuliyoanza wakati huo hatujapata sababu ya kuyaacha. Halafu wewe mwenyewe husema meseji haina mwandiko.

Nataka kukuuliza jambo kama mtu wa maabara. Kuna kijana hapa anaitwa Jerry, tunafunga naye zile bati za kufunika mabomba. Siku chache kabla ya Pasaka bati lilimkata kwenye muundi, mkato wa urefu wa kidole. Hakusema ofisini. Mwezi ujao tunapimwa afya, na anayekutwa na kidonda anarudishwa nyumbani, mkataba mpya anapewa mwingine. Sasa mguu umefura mpaka kiatu hakiingii, na una joto. Anauliza, kwa nini kidonda kidogo kifurishe mguu mzima? Na anaweza kuuzuia vipi usifure?

Na mikono yako? Pasaka nilikuona ukichambua mchele bila shida, na Krismasi hukuweza kushika kikombe. Hivyo vidonge vyako vina nguvu kweli. Huwa unameza vingapi kwa siku?

Hapa mambo ni yale yale. Jioni naongea na redio, na haijawahi kunijibu.

Ndugu yako,
Masinde


Free Area, Nakuru
Jumapili, 27 Aprili 2025

Masinde,

Barua nimeipata. Trizah aliifunga pamoja na sukuma, kwa hivyo nimeisoma ikiwa imelowa.

Swali la Jerry ni zuri, mwambie hivyo. Miaka thelathini na moja niliziangalia seli nyeupe kwenye maikroskopu, lakini kwenye slaidi zimeshakufa na kupakwa rangi. Mwendo wake nilifundishwa tu. Siku moja chuoni mwalimu alituonyesha filamu ya seli zikiwa hai, nikakaa pale mpaka chai ikapoa.

Ziko ndani ya damu kama malori kwenye barabara kuu, zinapita tu. Sasa nyama ikichanika na uchafu ukaingia, ile nyama inatoa kitu kama harufu, inayofika mpaka kwenye ukuta wa mshipa, na ukuta unaanza kunata. Seli inayopita inashikwa kidogo, inaachiliwa, inashikwa tena. Inapunguza mwendo, inabiringika taratibu ukutani. Ni kama malori yanavyokaribia kituo chao cha Salgaa. Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta, anasogea pembeni, halafu anasimama kabisa na kutafuta pa kushukia. Lakini ukuta wa mshipa hauna mlango, Masinde. Una nyufa tu. Seli inajibana inakuwa nyembamba, inatanguliza ncha yake moja kwenye ufa, halafu inauvuta mwili wote upande wa pili. Huko nje hakuna barabara. Inatambaa ndani ya nyama ikifuata harufu, pale inapozidi ndipo inapoelekea, mpaka ikute uchafu iumeze. Nyingi hufia huko huko. Usaha mnaouona na kuuchukia ni maiti zao.

Mguu unafura kwa sababu nyufa zikifunguka, maji nayo yanapita. Kwa hivyo kufura kwenyewe ni kazi inayoendelea. Jerry asiizuie. Aende hospitali kidonda kioshwe, apewe dawa ya vijidudu na sindano ya pepopunda. Akikataa, mwambie kuna mama Nakuru amesema yeye ni mjinga.

Seli zangu ndizo zenye wazimu. Zinaitwa kwenye viungo vya vidole, ambako hakuna mwizi, zinashuka zote na kubomoa nyumba ya mwenyewe. Vidonge vinazizuia kushuka. Nameza kimoja tu asubuhi. Lakini nina shida. Kliniki walinipa vikopo viwili, na kile kipya chenye vidonge sitini sikioni. Nilikiweka kabatini nyuma ya majani chai. Hukukiona ulipokuwa ukipika chai? Cha zamani kilikuwa na vidonge tisa, na kliniki ni tarehe kumi na saba mwezi wa sita. Naona aibu kwenda kusema nimepoteza. Mtu aliyehesabu seli maisha yake yote, ashindwe kujua alikoweka kikopo? Watasema uzee umeingia kichwani. Kwa hivyo navikata nusu nusu kwa kisu.

Chumba cha nyuma nimekifagia na kukipaka rangi. Kilikuwa kimekaa vibaya.

Dada yako,
Nerima


Olkaria
Ijumaa, 2 Mei 2025

Dada,

Kikopo sikukiona. Nilipika chai mara mbili tu na majani yalikuwa mezani. Labda ni panya, wewe mwenyewe ulisema wameingia. Usijilaumu.

Jerry anakushukuru. Nilimsomea yale mambo ya malori, akayapenda sana. Hospitali hajaenda, lakini amepata dawa kwa mtu na mguu umeshuka, dada, huwezi kuamini. Wiki moja tu. Kiatu kinaingia, joto limeisha, hata maumivu hayapo. Anapanda ngazi za mabomba kama mbuzi. Mimi pia niko na nguvu siku hizi. Nakula sahani mbili na bado natafuta kingine. Usingizi tu ndio umenikimbia.

Tunapimwa Alhamisi tarehe nane. Nikipita ni mkataba wa miaka mitatu, na baada ya hapo nitapumzika kama watu. Nisipopita, nina miaka hamsini na nne, nani ataniajiri? Nitakuja nikukalie hapo Free Area kama gunia, unipikie na mikono hiyo. Siwezi, dada. Baba alitoka Bungoma akafanya kazi reli mpaka siku ya mwisho, hakuna mtu aliyemlisha. Niombee tu nipite.

Ndugu yako,
Masinde


Free Area
Jumapili, 4 Mei 2025

Masinde,

Dawa gani aliyopata Jerry? Niandikie jina lake na anameza vingapi.
Wewe si gunia.
Leo siandiki zaidi.

Nerima


Olkaria
Ijumaa, 9 Mei 2025

Dada Nerima,

Barua yako ilikuwa mistari mitatu. Niliigeuza nyuma nikitafuta nyingine. Na mwandiko umeinama, herufi zimekwaruzwa kama za mtu aliyeandika akiwa ameuma meno. Kama nimekukosea sema. Nimekaa wiki nzima nikifikiria neno gani nililosema vibaya, na hapa hakuna wa kumuuliza.

Hata hivyo nina habari. Jana nimepimwa. Macho sawa, kifua sawa, presha imepanda kidogo. Miguu hakuna aliyeomba kuiona. Damu ndiyo wanaulizia. Daktari ameniuliza kama nina kidonda popote, nikasema sina, nilikuwa na homa tu. Ameniambia nirudi Jumatatu. Wameandika hivi kwenye karatasi: seli nyeupe 19.4, neutrofili asilimia 88, limfosaiti 7, eosinofili 0.

Si hizo neutrofili ndizo zile seli nyeupe ulizosema zinameza uchafu? Basi mimi ninazo nyingi kuliko mtu wa kawaida. Nimefurahi, lakini daktari hakufurahi. Wewe ni mtu wa kazi hiyo, niandikie maneno mawili matatu ya kitaalamu nimpe Jumatatu anipitishe. Kosgei anarudi Jumapili jioni, mpe yeye barua.

Jerry naye anaendelea vizuri. Kidonda hakitoi usaha hata tone, hakifuri, hakiumi ukikigusa. Pembeni tu pamekuwa na rangi ya majivu, na kuna harufu kidogo. Nadhani ni plasta.

Tafadhali usinikasirikie.

Masinde


Free Area
Jumamosi, 10 Mei 2025, saa tatu asubuhi

Masinde,

Hakuna Jerry. Ni mguu wako, na kikopo changu unacho wewe.

Nimekutumia meseji kumi na moja na simu umeizima. Sasa nisikilize. Damu yako nimeisoma mara elfu kwa wagonjwa wengine. Neutrofili juu, limfosaiti chini, eosinofili sifuri. Hiyo ni damu ya mtu anayemeza vidonge vyangu, na anameza vingi. Umefurahi ati seli ni nyingi. Ukisimama barabarani ukahesabu malori utayaona mengi, utafikiri Salgaa imejaa wageni. Kumbe yamejaa barabarani kwa sababu ukuta haunati tena na hakuna anayeshuka. Vile vidonge vimezifungia seli zako ndani ya mshipa. Kwenye kidonda hakuna kitu. Ndiyo maana hakifuri. Ndiyo maana hakina usaha. Kidonda kilichoingia uchafu kikikosa usaha si kisafi, ndugu yangu, ni kidonda ambacho hakuna aliyefika kukisaidia. Hiyo rangi ya majivu ni nyama iliyokufa.

Nenda hospitali leo, usingoje Jumatatu. Waambie umemeza nini, vingapi kwa siku, tangu lini. Usiviache ghafla bila daktari kujua, umevimeza muda mrefu na mwili unaweza kuanguka. Uwaambie ukweli hata ukikosa kazi.

Sikukasirika. Nitakueleza siku nyingine.

Kosgei ni mpaka kesho jioni, na kesho ni mbali. Naileta barua hii mwenyewe. Unajua sijasafiri peke yangu tangu masikio yalipokufa. Trizah ameniandikia kwenye katoni pale ninapokwenda, nitawaonyesha watu.

Nerima


Hospitali, Naivasha
Ijumaa, 30 Mei 2025

Dada,

Sasa naweza kukaa. Sista amenipa karatasi na kalamu, na Kosgei atapita jioni kuichukua.

Wacha nikusimulie yale ambayo hukuyasikia. Walinzi wa getini wamenieleza wote kwa simu, kila mmoja kwa namna yake. Ulifika saa nane ukiwa umeshika kile kipande cha katoni, wakakwambia siku ya wageni ni Jumapili. Wakarudia kwa nguvu, wakidhani wewe ni mkaidi. Ukatoa kalamu ukaandika kwenye katoni, "Mdogo wangu anaoza na hajui." Ati hapo mlinzi mkubwa alichukua pikipiki yake mwenyewe akaja chumbani kwangu. Alinikuta chini sakafuni. Mimi nakumbuka tu nilikuwa naona baridi, na nikashangaa kwa nini naona baridi na mabomba yote yale ya moto yako hapo nje. Halafu nakumbuka uso wako.

Kikopo nilichukua mimi. Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka ulipokuwa ukioga. Nilikumbuka mikono yako ya Krismasi na vile ilivyokuja kunyooka, nikasema kama vimeshusha uvimbe wa vidole kumi vitashindwaje na mguu mmoja. Nilimeza sita kila siku. Vilipoisha nikampelekea mtu wa kemisti kikopo kitupu, jina lako likiwa juu, akaniuzia vingine. Barua yako ya kwanza ilipofika nikaelewa vidonge vinafanya nini hasa. Ulisema kufura ni kazi inayoendelea, na mimi nikataka kazi hiyo isimame mpaka tarehe nane tu. Nilijiambia nikishapita nitaiachia iendelee.

Habari ya mguu unaijua, wewe ndiye uliyetia sahihi. Waliukata chini ya goti. Jana nilimwomba sista anionyeshe fomu. Nilitaka kuona jina lako, kwa sababu uliporudi nyumbani Jumanne nilikuwa bado nimelala na sikukuaga. Dada, ile sahihi. Mtoto wa chekechea angeandika vizuri zaidi. Ndipo nikaelewa ile mistari mitatu. Mimi nilikaa wiki nzima nikinung'unika ati umeninunia, kumbe ulikuwa unashindwa kukunja vidole, na dawa yako iko tumboni mwangu. Nimelia mpaka jirani wa kitanda akaita watu.

Kazini wameshamweka mwingine. Sijui nitafanya nini, sitaki hata kufikiria.

Daktari amesema ningekuja wiki mbili mapema, kidonda kingeoshwa tu. Natamani mtu mmoja angenishika shati akanivua kiatu kwa nguvu. Lakini nani angejua? Nilificha vizuri.

Naomba unisamehe kwa kikopo.

Masinde


Free Area
Jumapili, 1 Juni 2025

Masinde wangu,

Nimeanza kuandika baada ya kanisa na sasa ni jioni. Kila mstari napumzisha mkono. Nilikwenda kliniki wiki jana nikasema ukweli, wakanipa vidonge vingine, lakini vinachukua muda.

Kikopo nimekusamehe, nilikusamehe ndani ya gari nikija huko. Sasa mimi nina langu, na nimeliandika mara nne na kulichana.

Hukuficha vizuri. Nilijua tangu Pasaka.

Ulipopanda zile ngazi mbili za mlangoni, mara zote ulitanguliza mguu wa kulia. Ulikaa ukiwa umenyoosha wa kushoto chini ya meza. Jumapili ulilala na viatu, mtu ambaye tangu utotoni huwezi kukaa na viatu ndani ya nyumba. Mtu asiyesikia hana kazi nyingine ila kuangalia, na mimi nimelipwa miaka thelathini na moja kwa kuangalia. Nilikuwa nikiosha sahani nikasema moyoni, ameumia na anaficha. Ningekugusa bega nikakuonyesha kiatu kwa kidole, ungevua. Ulikuwa hujameza hata kidonge kimoja.

Sikukugusa. Niliwaza kwamba watakupima, watakiona, watakurudisha nyumbani. Chumba cha nyuma sikukipaka rangi kwa sababu kilikaa vibaya. Nilikuwa nakitayarisha. Uliponiambia nikuombee upite, Masinde, mimi niliomba usipite. Nilipiga magoti nikaomba hivyo.

Halafu Jerry wako alipokuja nikamjibu Jerry. Ningeandika, "Masinde, acha upuuzi, nenda hospitali." Nilijua maneno ya kumwambia Jerry hayangekupeleka hospitali, na nikaona afadhali. Nilihesabu kwamba seli zako ni nzima, zitakishika kidonda pale pale, kitatoa usaha, kitanuka, kitakuaibisha mbele ya daktari, basi. Hakitakuua. Nilizitegemea seli zako zikulinde huku mimi nikisubiri zikulete. Sikujua kwamba nilikuwa nategemea kitu ambacho ulikuwa umeshakifungia ndani. Vidonge sikuvijua, hilo naapa. Lakini wiki tatu nilikaa hapa mezani nikijua mdogo wangu ana kidonda, na nikaendelea kuchambua mchele.

Nataka ujue kwa nini, ingawa si sababu ya kutosha. Nyumba hii ina kimya ambacho hata mimi kiziwi nakisikia. Trizah anakuja kwenye mlango mara moja kwa siku. Wewe unakuja Krismasi na Pasaka. Kati ya hapo hakuna uso unaonigeukia kuniambia kitu. Nilichoka kukaa peke yangu, na nikaacha uugue.

Umesema unatamani mtu angekuvua kiatu. Mtu huyo alikuwa ameketi mbele yako.

Umeniomba msamaha kwa kikopo. Mimi sijui mtu anaombaje kwa mguu.

Nerima


Hospitali, Naivasha
Ijumaa, 6 Juni 2025

Dada Nerima,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliikunja nikampa sista aitupe. Aliiweka kwenye droo, akanirudishia kesho yake bila kuniuliza.

Nimekasirika. Sitakudanganya, nimeshakudanganya ya kutosha mwaka huu. Usiku nahisi kidole kikubwa cha ule mguu kinawasha, mguu ambao haupo, na nikinyoosha mkono kukikuna nakuta shuka. Hapo ndipo nakukumbuka na sahani zako, na nakasirika upya. Halafu nakumbuka kwamba mimi niliiba dawa ya dada yangu mgonjwa na nikamwambia ni panya. Kisha sijui tena nimkasirikie nani kwanza.

Siku mbili nimetafuta mtu wa kumwambia haya. Jirani wa kitanda ameruhusiwa. Kule kambini nilikaa miaka sita na aliyekuja kuniona ni Kosgei peke yake, na yeye huja kuchukua barua. Nimegundua hata hasira hii sina mahali pengine pa kuipeleka ila kwako.

Naruhusiwa Jumatano. Kosgei ameomba ruhusa anilete. Usipike kitu, usimwite mtu wa maombi, usisimame hapo nje ukilia. Nitafika nikiwa nimenuna, na huenda nikanuna muda mrefu. Nitakaa mbele yako mezani, mahali unapoona mdomo wangu vizuri, nikueleze kila kitu kinachonichoma mpaka kiishe. Na wewe utaniambia yako, polepole, usiruke hata moja.

Sijazoea magongo na mlango wako ni mwembamba. Uache wazi, nitaingia kwa upande.

Ndugu yako,
Masinde